Bili zisizo za kila mwezi ndizo zinazovunja bajeti ya mwezi

Mhariri,

Mashauri kuhusu matumizi ya nyumbani tunayopewa siku hizi, redioni, magazetini na hata kanisani baada ya ibada, yamekuwa ya aina moja. Msikilizaji huambiwa ayagawanye mapato yake kwa asilimia: 50 kwa mahitaji ya lazima, 30 kwa mambo anayoyapenda, na 20 kwa akiba. Kanuni hiyo imetoka Marekani na sina ugomvi nayo huko ilikotoka. Hapa Nakuru, Kenya, nilikofanya kazi ya ukarani wa hesabu hadi nikastaafu na ambako sasa ninashika daftari la chama cha akina mama mtaani kwetu Lanet, sijaona ikiwafaa wale wanaoihitaji zaidi. Mtu aliyelipa kodi ya nyumba, akanunua unga na mafuta ya kupikia, kisha akatenga nauli ya kwenda kazini, tayari amepita nusu ya mshahara wake kabla ya tarehe tano, na kumwambia atafute asilimia 30 ya kujifurahisha ni kumkejeli.

Ningependa kupitia ukurasa wako nipendekeze njia nyingine ya kuitazama bajeti, nayo ni kuanza na kalenda badala ya asilimia. Katika nyumba nyingi ninazozijua, bili za kila mwezi hazivunji bajeti. Kodi, stima, maji, gesi na nauli tunazitarajia, na hata zinapopanda tunalalamika huku tukizilipa. Zinazotuangusha ni zile bili zenye majira yake: karo ya Januari, mbolea ya Machi, kodi ya ardhi na leseni ya biashara ambazo serikali za kaunti huzidai mwanzoni mwa mwaka, mchango wa bima ya afya kwa wasio na mwajiri, matanga, na safari ya kwenda nyumbani Desemba. Kwa kuwa haziji kila mwezi, hatuziandiki katika hesabu ya mwezi, na zinapofika tunaziita dharura. Lakini tarehe ya kufunguliwa kwa shule hutangazwa mapema, na mvua ya masika haijawahi kuhamia Septemba.

Tuchukue familia ya kubuni, ambayo hata hivyo haitakuwa ngeni kwa mkazi wa mitaa yetu ya Free Area, Kiamunyi au Naka: wazazi wawili na watoto watatu, mkubwa wao akiwa katika shule ya bweni. Baada ya makato, shilingi 30,000 hufika kwenye akaunti kila mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba ni 7,500. Chakula, ukijumlisha unga, mboga, maziwa, sukari na nyama ya Jumapili, ni 10,500. Nauli ni 2,600, gesi 1,100 ikiwa mtungi wa kilo 13 hudumu karibu miezi mitatu, stima 900, maji 700, na muda wa maongezi pamoja na data 700. Jumla ni shilingi 24,000. Baba wa nyumba hii atakuambia, tena kwa kujiamini, kwamba yeye hubaki na shilingi 6,000 kila mwezi, na kwamba haelewi zinakokwenda.

Sasa tuandike yale ambayo hayamo katika orodha yake. Karo ya mtoto wa bweni kwa mwaka tuiweke 40,535, ambacho ndicho kiwango kilichoidhinishwa na serikali kwa shule za bweni za ngazi ya kaunti. Sare, masanduku, nauli za kufungua na kufunga shule pamoja na vifaa vya watoto wale wengine wawili, tuseme 9,000. Kulima, kununua mbegu na mbolea na kulipa vibarua wa palizi katika ekari moja kijijini, 12,000, hata kama mbolea ni ile ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50. Michango ya matanga na harusi, 6,000. Safari ya Desemba ya watu watano, 8,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 75,535, na ukiigawanya kwa miezi 12 unapata karibu 6,300. Familia iliyodhani inabakiza 6,000 kila mwezi kumbe hupungukiwa na 300, na bado hatujataja viatu vilivyotoboka, dawa, wala godoro.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba tatizo la nyumba hii ni mshahara mdogo, na kwamba daftari halijawahi kumwongezea mtu hata senti. Hilo ni kweli, na sipendi wale wanaowahubiria maskini kana kwamba umaskini wao ni uzembe wa hesabu. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kujua Juni kwamba Januari utapungukiwa na kulijua hilo Januari yenyewe, ukiwa dirishani kwa bwana hesabu wa shule na sanduku la mtoto liko mlangoni. Anayejua Juni bado ana nafasi ya kuamua: alime nusu ekari, aende kijijini Desemba moja na kuruka nyingine, amtafutie mtoto wa pili shule ya kutwa, au amwombe mwajiri zamu za ziada. Anayejua Januari ana uamuzi mmoja tu, nao ni kukopa.

Karo ndiyo inayofaa kuanziwa kwa sababu mpangilio wake unajulikana. Kwa kawaida karo ya shule za bweni hulipwa kwa uwiano wa 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Ni sadfa ya kuchekesha kwamba tarakimu hizo ndizo zilezile za Wamarekani, ila hapa zina kazi. Katika mfano wetu, muhula wa kwanza unadai shilingi 20,268, wa pili 12,160 na wa tatu 8,107. Mzazi ambaye mtoto wake ataingia bweni Januari, akianza kuweka shilingi 3,400 kila mwezi tangu Julai, atakuwa na 20,400 ifikapo mwisho wa Desemba, yaani muhula wa kwanza umeshalipwa kabla ya kelele za Krismasi kuisha. Akiendelea na kiasi hichohicho, miezi minne ya mwanzo wa mwaka itaulipa muhula wa pili na kubakisha kidogo, miezi minne inayofuata itaulipa wa tatu na kubakisha karibu shilingi 7,000, na masalio hayo pamoja na miezi minne ya mwisho yatatosha tena kwa Januari. Hesabu hii nimewaonyesha akina mama wengi katika chama chetu, na kinachowashangaza ni kwamba kiasi hakibadiliki mwaka mzima, ilhali shule hudai nyingi, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi. Ugumu wake ni ile miezi sita ya kwanza, ambayo lazima ianze kabla ya shule kudai chochote.

Bima ya afya nayo ina kalenda yake kwa mtu asiye na mwajiri. Tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla hata hajauona, kwa hiyo yeye hana la kupanga. Mwenye kibanda cha mboga au karakana ya juakali hukadiriwa mapato ya familia yake, hutozwa kwa kiwango hichohicho, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 300 haziwashindi wengi, lakini 3,600 kwa mkupuo huwashinda, na aliyekadiriwa 700 anadaiwa 8,400. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaomwezesha mtu kukopa mchango huo na kuulipa kidogo kidogo, nao ni bora kuliko kukosa bima, ila ningemshauri anayeweza ajikopeshe mwenyewe kwa kuweka shilingi zake kila wiki kuanzia mwezi ule ule aliolipa.

Nije kwa jambo ambalo washauri wengi wa fedha hulikwepa, labda kwa sababu wanaogopa kuonekana hawana utu. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega, na sisi wa upande wa magharibi hatumziki mtu kimya kimya. Kuna gharama ya mochari, jeneza, gari la kusafirisha mwili, hema, na chakula cha waombolezaji kwa siku kadhaa, na gharama hizo hugawanywa kwa jamaa, majirani, watu wa kanisa na wafanyakazi wenzake marehemu. Siku hizi kundi la WhatsApp huundwa kabla hata tarehe ya mazishi haijajulikana, na orodha ya majina yenye viwango mbele yake huzungushwa asubuhi na jioni, hivyo asiyetoa huonekana na kila mtu. Kuna washauri wanaosema mtu ajifunze kukataa. Wanaosema hivyo sidhani wamewahi kufiwa wakiwa mbali na kwao. Michango hii ndiyo bima ya zamani kuliko zote tulizo nazo, na aliyejitenga nayo atajikuta peke yake siku ambayo gari la mazishi litaegeshwa mbele ya mlango wake.

Lakini bima yoyote huwa na kiwango cha malipo, na hapo ndipo tunapokosea. Tunatoa kwa kuangalia jina lililotutangulia kwenye orodha limetoa ngapi, badala ya kuangalia uwezo wetu. Katika familia ya mfano nimeweka shilingi 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi, na sheria yake ni kwamba pesa hizo hutengwa hata katika mwezi usio na msiba. Mwezi uliopita bila tangazo lolote huurithisha mwezi unaofuata. Msiba ukiwa wa ndugu wa tumbo moja, mfuko wote hufunguliwa. Ukiwa wa shemeji wa jirani, hutoka kidogo na kwa heshima. Ikitokea misiba miwili kwa wiki moja, kilichomo kinagawanywa, na hakuna kukimbilia mkopo wa simu ili jina lisomeke vizuri. Katika chama chetu wanachama hutoa kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya matanga pekee, na pesa hizo haziguswi kwa mkopo wala kwa sherehe ya mwisho wa mwaka. Kumekuwa na ubishi kila tunapofikia kipengele hicho mkutanoni, na bado nakitetea.

Wasiolipwa kwa mwezi watauliza haya yanawahusu vipi. Mwendesha bodaboda, mama mboga wa soko la Wakulima hapa mjini, kinyozi na fundi wa kushona hawana mwisho wa mwezi, wana leo. Kwao bili ya mwezi inapaswa kugeuzwa kuwa bili ya siku. Kodi ya shilingi 7,500 ni shilingi 300 kwa siku 25 za kazi, na shilingi 300 za kwanza za kila siku, kabla ya chai ya saa nne, si zake bali za mwenye nyumba. Mtu akizihamisha papo hapo hadi akaunti ya akiba ambayo haifunguki kwa urahisi, au akampa mweka hazina wa chama chake, tarehe tano itamkuta ametulia. Siku ya mvua, abiria wakiadimika, hatazipata zote, na ndiyo sababu nimehesabu siku 25 tu katika mwezi wa siku 30. Mkulima wa miwa kule Bungoma au Kakamega yuko upande mwingine kabisa: miwa yake huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukomaa, kisha malipo humjia kwa mkupuo na wageni huja nayo. Huyo ninamshauri alipe karo ya mwaka mzima siku ile ile pesa zinapoingia, na kinachobaki akigawanye kwa idadi ya miezi iliyobaki hadi mavuno mengine kabla hajanunua chochote chenye magurudumu.

Kuhusu bili za kila mwezi zenyewe sitasema mengi, isipokuwa stima na maji, kwa kuwa hapo kuna mambo ambayo wateja wengi hawajaelezwa. Watu huweka bajeti ya stima kwa shilingi, ilhali shilingi zilezile hazinunui yuniti zilezile kila mwezi. Gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na mabadiliko ya thamani ya sarafu za kigeni huongezwa kwenye bei, navyo hubadilika mwezi hadi mwezi, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 na ushuru wa asilimia 5 wa usambazaji wa umeme vijijini. Isitoshe, tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamewekwa katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kundi la mteja huamuliwa na wastani wa miezi mitatu, na bei ya yuniti hupanda kadiri anavyopanda kundi. Kwa hiyo nyumba yenye kutumia yuniti 29 na ile yenye kutumia 33 hazitofautiani kwa yuniti nne tu.

Anayetaka kupunguza stima na ajue kwanza inakokwenda. Balbu ya wati 10 huwaka saa 100 ndipo itumie yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 huitumia kwa saa moja. Shawa ya umeme ya wati 5,000 huimaliza kwa dakika 12. Nimewaona wazazi wakigombana na watoto kuhusu taa ya sebuleni huku kila mmoja wao akioga robo saa nzima asubuhi. Wapangaji wa ploti zenye mita moja ya pamoja wana taabu zaidi, kwa kuwa matumizi ya vyumba vyote hujumlishwa na ploti nzima huangukia kundi la juu, hata kama kila chumba kina balbu mbili na redio. Hao wana haki ya kumwomba mwenye nyumba awatenganishie mita, na ombi hilo likiletwa na wapangaji wote kwa pamoja huwa zito zaidi kuliko manung'uniko ya mmoja mmoja.

Katika maji, hesabu inayofaa kufanywa ni ya mtungi. Yuniti moja ya maji ya mfereji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Anayenunua mtungi kwa shilingi 10 kwa mchuuzi wa mkokoteni hulipa shilingi 500 kwa yuniti moja, na kwa bei hiyo hata tangi dogo la kuhifadhia maji ya siku za mgao litajilipa lenyewe baada ya muda. Aidha, maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi, na madoa katika meno ya watu waliokulia hapa ni ushahidi wa kutosha; kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo haina budi kuandika maji ya kunywa katika mstari wake pekee, bila kuyachanganya na ya kufulia.

Pesa pia hupotea njiani, kabla ya kufikia bili yoyote. Kutoa shilingi 2,500 kwa wakala wa M-Pesa hugharimu shilingi 29. Mtu akizitoa kwa awamu tano za shilingi 500, hulipa 29 kila mara, jumla 145, ambazo zingemnunulia sukari. Wengi hutoa kidogo kidogo kwa kudhani wanajizuia kutumia. Kwa anayelipa kodi, stima, maji na karo moja kwa moja kwa simu, pesa taslimu zinazohitajika ni za sokoni na nauli tu, na hizo zinaweza kutolewa mara moja kwa wiki.

Kuhusu mikopo ya simu, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakuwa wameliona deni linalojilipa lenyewe. Ukiwa umetumia pesa zaidi ya salio kwa huduma kama Fuliza, ambayo imekuwapo tangu 2019, chochote kinachoingia kwenye simu hukatwa kwanza, iwe ni mshahara, iwe ni pesa za karo ulizotumiwa na dada yako. Tozo ya kila siku huonekana ndogo kwa sababu hutajwa kwa siku. Huduma yenyewe ina manufaa yake usiku wa ugonjwa, na sina nia ya kuwakataza watu. Ninachokataa ni kuiona katika daftari la nyumba ikiwa mstari wa kudumu, kila mwezi, ikilipia unga.

Wenye mishahara wana hatari yao nyingine. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiruhusu makato yote kwa pamoja kuzidi thuluthi mbili ya mshahara. Sheria hiyo iliwekwa ili kumlinda mfanyakazi, lakini katika miaka yangu ya kuandaa mishahara nilizoea kuona watu wakiichukulia kama shabaha: wanakopa hadi wanagusa ile thuluthi moja iliyobaki, kisha wanapumua. Ndipo yakaja makato mapya, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu iliyoanza mwaka 2023, ile 2.75 ya afya, na nyongeza za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, zilizoanza Februari 2023, yakawakuta hawana hata nafasi ya kugeuka. Mtu aachie nafasi kati ya mkopo wake na kikomo cha sheria, kwa kuwa hajui Bunge litapitisha nini Juni ijayo.

Daftari lenyewe si la kutisha. Kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi kinatosha, kurasa mbili zinazotazamana kwa kila mwezi: upande mmoja bili kwa mpangilio wa tarehe zake za mwisho, upande wa pili ile mifuko ya karo, shamba, bima na matanga, kila mmoja na kilichoingia na kilichotoka. Bili zipangwe kwa tarehe kwa sababu tarehe ndiyo yenye adhabu. Ni bora likaandikwa na wawili. Najua zipo nyumba ambazo mume hajui mke anapata ngapi sokoni, na mke hajawahi kuiona hati ya mshahara wa mume, na kila mmoja ana sababu zake ambazo mimi sitaziingilia. Kwa nyumba hizo hata makubaliano ya nani analipa bili ipi na tarehe gani yanaweza kutosha, mradi yaandikwe, na mifuko ya mwaka nayo iwe na mwenyewe. Nimeona mara nyingi kwamba wanandoa hugawana kodi na chakula bila taabu, lakini mbolea na matanga hayana aliyepangiwa, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake.

Kuna mambo mawili ambayo hayako mikononi mwa familia, na ndiyo yaliyonifanya nikuandikie wewe Mhariri badala ya kuyasema katika mkutano wa chama. La kwanza ni la wakuu wa shule. Kila shule yenye akaunti ya benki au nambari ya malipo inaweza kupokea pesa kabla ya muhula kuanza, lakini barua wanazotumwa wazazi hutaja tarehe moja tu, ile ya kufungua. Ingewafaa wazazi, na ingezifaa shule zenyewe ambazo hulalamikia madeni, ikiwa barua ya Novemba ingesema waziwazi kwamba malipo ya kila mwezi yanapokelewa na kila mzazi atatumiwa risiti na salio lake.

La pili ni lako. Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, nanyi huziweka ukurasa wa mbele, kama inavyostahili, maana nauli na bei ya vyakula huzifuata. Mabadiliko ya gharama za stima pia huchapishwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali, lakini ni wasomaji wachache wanaolifikia. Naomba gazeti lako lichapishe jedwali dogo kando ya bei za petroli, likiwa na nyongeza za stima za mwezi huo, tarehe za kufungua na kufunga shule, na tarehe za mwisho za malipo ya kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega na nyinginezo ambako gazeti hili husomwa. Likianza Julai, wazazi wa watoto watakaoingia bweni Januari watakuwa na miezi sita kamili.

Karani mstaafu wa hesabu,
Lanet, Nakuru.